Daftari la Tanga Liko Mikononi mwa Nani?

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu aghalabu husikika dukani au katika mikutano ya vyama vya ushirika, pale mweka hazina anaposimama mbele ya wanachama akashindwa kueleza fedha zao zilikokwenda. Lakini ipo mali nyingine isiyohesabiwa kwa shilingi, nayo ni habari za watu: tungo zao, nasaba zao, vita walivyopigana na maneno ya lugha yao. Mali hiyo nayo ina daftari lake. Daftari hilo huitwa jarida la kitaaluma.

Watu wengi wa Tanga, Pangani, Muheza na Lushoto hawajapata kulishika jarida la namna hiyo, wala hapana sababu ya kuwalaumu. Haliuzwi kituo cha basi wala sokoni Ngamiani. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja habari za wazee wao zimekuwa zikichapwa katika majarida ya wataalamu, Dar es Salaam, Kampala, London na kwingineko. Makala haya yanaeleza mali ya watu wa Mrima iliingiaje katika daftari hilo, ni akina nani walioiandika na kwa lugha gani, na kwa nini jambo hili linamhusu pia mfanyakazi wa reli, wa bandari au wa kiwanda, pamoja na jamaa yake nyumbani.

JARIDA LA KITAALUMA NI NINI?

Gazeti la Jumapili humpa msomaji habari za juma na maburudisho ya nyumbani. Jarida la kitaaluma lina kazi nyingine. Hutoka mara moja, mbili au nne kwa mwaka, na ndani yake wataalamu hueleza mambo waliyoyachunguza kwa muda mrefu: historia, lugha, fasihi, muziki, dini, sanaa za mikono. Kila toleo hupewa namba yake na kila mwaka huwa na juzuu yake, ili mtu atakayezaliwa miaka hamsini ijayo aweze kuutafuta ukurasa ule ule na kuupata.

Makala hayachapwi mara tu yanapofika kwa mhariri. Kwanza hupelekwa kwa wataalamu wengine, aghalabu wawili, ambao mwandishi hawajui. Hao huyasoma kwa jicho kali, wakauliza: Umejuaje jambo hili? Nani alikwambia? Umeusoma mswada wenyewe au umesimuliwa tu? Wakiridhika, makala hukubaliwa. Wasiporidhika, hurudishwa yakarekebishwe au hukataliwa kabisa. Mwandishi kwa kawaida halipwi hata senti moja. Malipo yake ni kwamba neno lake limepimwa na wenzake likaonekana lina uzito.

Chini ya kurasa, au mwishoni mwa makala, huwekwa tanbihi. Wasomaji wengi huziruka, kwa kuwa zimeandikwa kwa herufi ndogo na zinachosha macho. Lakini tanbihi ni stakabadhi ya mwanachuoni. Kama vile mwanachama wa ushirika anavyodai stakabadhi ya mkonge au korosho zake, ndivyo msomaji wa jarida anavyodai kuonyeshwa kila habari ilitoka wapi.

Utaratibu huu una umri mkubwa. Majarida ya kwanza ya aina hii yalianza Ulaya mwaka 1665, moja Paris na jingine London. Katika Afrika Mashariki yalifuata nyuma ya ukoloni, na hapo ndipo mambo ya Tanga yanapoanza kutuhusu.

KAMATI YA LUGHA NA JARIDA LAKE

Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ziliunda Kamati ya Lugha ya Kiswahili. Kabla ya hapo, katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, lahaja ya Kiunguja ilikuwa imechaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili kitakachofundishwa shuleni. Kamati ilipewa kazi ya kusanifisha tahajia, kukagua vitabu vya shule na kutengeneza makamusi. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ambaye makamusi yake yalitoka mwaka 1939.

Tangu mwanzo Kamati ilikuwa na jarida lake. Kwanza lilikuwa taarifa ndogo ya wajumbe, likiandikwa zaidi kwa Kiingereza na maofisa wa elimu na wamisionari waliokuwa wakijadiliana juu ya maneno. Wenye lugha yao hawakuwa wajumbe. Ilichukua hadi katikati ya miaka ya 1940 kwa Waafrika kukubaliwa kukaa katika vikao vya Kamati. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka kumi lugha ya Waswahili ilijadiliwa mezani, na Mswahili mwenyewe yuko nje ya mlango.

Kamati ilihamahama. Kutoka Dar es Salaam ilikwenda Nairobi, kisha Makerere mjini Kampala, kisha Mombasa, na mwishowe ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuka kuwa taasisi ya uchunguzi chini ya Chuo Kikuu. Jarida lilifuata safari hizo na jina lake likabadilika. Mwaka 1959 liliitwa Swahili, na kuanzia 1970 likaitwa Kiswahili, jina lililo nalo hadi leo. Taasisi yenyewe ilijulikana kwa miaka mingi kama TUKI, na tangu mwaka 2009 inaitwa TATAKI.

Miongoni mwa wajumbe wa Kiafrika waliopata kukaa katika Kamati hiyo alikuwamo mtoto wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909. Inafaa kukumbuka kuwa mtu huyu hakupata kusoma katika chuo kikuu chochote. Alikuwa karani wa Serikali: alianza forodhani, akaenda idara ya wanyama, akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya na hatimaye katika ofisi ya upimaji ardhi. Mchana alishika mafaili, na katika saa za mapumziko alishika kalamu yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1962, mfanyakazi huyo alikuwa ameacha maandishi ambayo wataalamu wa nchi nyingi wanayaandikia makala hadi sasa. Basi asije mtu akasema kuwa mambo ya majarida ni ya wenye shahada pekee.

UTENZI ULIOTOKA SANDUKUNI

Mwaka 1888, mwezi wa Agosti, Kampuni ya Wajerumani ilianza kuitawala pwani kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar. Watu wa Mrima hawakukubali. Huko Pangani ghasia zilianza mara moja, na jina la Bushiri bin Salim likavuma pwani nzima. Mwaka uliofuata Serikali ya Ujerumani ilimleta Wissmann na askari wake, Pangani na Tanga zikatwaliwa kwa mizinga, na tarehe 15 Desemba 1889 Bushiri akanyongwa Pangani.

Habari za vita hivyo ziliandikwa sana na maofisa wa Kijerumani. Walieleza walivyopanga majeshi yao na walivyoshinda, kama ilivyo kawaida ya mshindi. Lakini katika nyumba za Mrima kulikuwa na maelezo mengine. Mshairi wa Tanga, Hemedi bin Abdallah wa ukoo wa el-Buhriy, aliyeishi zama zile zile za vita, alitunga utenzi mrefu juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima. Aliuandika kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika washairi wote wa pwani wakati huo. Tarehe inayotajwa katika jina la utenzi ni mwaka 1307 wa Hijra, yaani 1889 na 1890 kwa hesabu ya Kizungu.

Kwa zaidi ya nusu karne utenzi huo ulibaki katika miswada ya mkono. Mwaka 1955 ulichapwa kama nyongeza ya jarida la Kamati, ukahaririwa na kutafsiriwa na J.W.T. Allen, Mwingereza aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta na kuhifadhi miswada ya Kiswahili. Mwaka 1960 ulichapwa tena kama kitabu.

Tazama, ndugu msomaji, kilichofuata. Mwanahistoria Mmarekani Jonathon Glassman alipochunguza upya vita vya pwani, hakutegemea maofisa wa Kijerumani tu. Alikuwa nao utenzi wa Hemedi, uliochapwa na unaoweza kutajwa kwa ubeti na ukurasa. Kitabu chake, kinachoeleza zaidi mambo ya Pangani, kilitoka mwaka 1995 na mwaka uliofuata kikapata tuzo kubwa ya wachunguzi wa mambo ya Afrika huko Marekani. Mwaka 2002 utenzi huo huo uliingia pia katika mkusanyo wa mashairi ya Kiswahili ya zama za Wajerumani, uliochapwa Köln kwa uhariri wa Gudrun Miehe na wenzake.

Hivyo ndivyo daftari linavyofanya kazi. Mswada ulioweza kuliwa na mchwa katika nyumba moja uliandikwa jaridani mara moja tu, na tangu hapo hapana mtu anayeweza kuandika historia ya vita vile kwa uaminifu bila kumsikiliza mtu wa Tanga. Laiti mswada ule ungepotea, tungebaki na neno la Wissmann peke yake.

HABARI ZA WAKILINDI

Mfano wa pili unatoka milimani, lakini uliandikwa na mtu wa pwani. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi alikuwa karani wa Semboja, mtawala wa Mazinde, na alizisikia habari za ukoo wa Wakilindi kutoka kwa wenyewe. Aliandika jinsi Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu baada ya kunyimwa haki yake na ndugu zake, alivyofika Usambaa, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, na mwishowe akatawazwa Vuga. Akaendelea hadi habari za Kimweri na fitina zilizozuka baada ya kifo chake.

Kazi hiyo ilichapwa katika mtambo wa Misheni huko Magila, Muheza, kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Nakala zilikuwa chache, na kadiri miaka ilivyopita zikawa adimu. Mwaka 1936 lilianzishwa Dar es Salaam jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika matoleo yake ya mwanzo, ya 1936 na 1937, ilitokea hadithi ya Mbega, imetafsiriwa kwa Kiingereza na Roland Allen, padri aliyejifunza Kiswahili uzeeni alipokuwa akiishi Kenya. Huyu alikuwa baba yake J.W.T. Allen tuliyemtaja, na ndiye pia aliyetafsiri utenzi mwingine wa Hemedi bin Abdallah, ule wa Abdirrahmani na Sufiyani, uliotoka mwaka 1961.

Ofisa wa kikoloni aliyekuwa kibarazani kwake mwaka 1937 aliweza basi kumsoma Mbega kwa Kiingereza. Mwalimu wa shule ya msingi wa Korogwe au Lushoto, aliyetaka kuwasomea watoto habari hizo hizo kwa Kiswahili ambacho ndicho zilichoandikiwa, alilazimika kutafuta nakala kuukuu ya Magila. Kitabu kizima cha Kiswahili kilitoka upya mwaka 1962, chini ya uhariri wa J.W.T. Allen. Robo karne ilikuwa imepita.

Hatusemi haya kwa kuwabeza akina Allen. Bila jitihada zao huenda tungekuwa tumepoteza vyote viwili. Tunasema ili ionekane kuwa daftari linaweza kuihifadhi mali na papo hapo likawa limeandikwa kwa namna ambayo mwenye mali hawezi kulisoma.

MANENO YA MTANG'ATA

Mfano wa tatu ni lugha yenyewe. Kusini mwa mji wa Tanga, kuelekea Pangani, iko pwani ya Mtang'ata, penye magofu na makaburi ya kale ya Tongoni. Wenyeji wa hapo wana lahaja yao, Kimtang'ata. Kiswahili cha Unguja kilipochaguliwa kuwa sanifu, lahaja za Mrima zilibaki nje ya darasa, na mtoto aliyezungumza kama bibi yake aghalabu aliambiwa kuwa amekosea.

Lakini wataalamu wa Kamati ile ile iliyokisimamia Kiswahili Sanifu waliona kuwa lahaja nazo zina thamani yake. Mwaka 1956 Kamati ilichapa uchunguzi wa W.H. Whiteley juu ya Kimtang'ata, ukiwa wa kwanza katika mfululizo wa vitabu vya lahaja. Baadaye zilifuata lahaja nyingine, kama Kivumba cha upande wa mpaka wa Kenya, iliyochunguzwa na H.E. Lambert.

Faida ya kazi kama hizo si kuwarudisha watu nyuma wala kuleta ukabila katika lugha. Kiswahili Sanifu kimetuunganisha, na hilo ni jambo la kujivunia. Faida yake ni kwamba lugha ya Taifa inapohitaji msamiati wa bahari, wa ufundi wa majahazi, wa mapishi au wa maradhi, inaweza kurudi ghalani kwake. Neno lililohifadhiwa jaridani ni kama mbegu: hata likikaa miaka mingi, laweza kupandwa tena. Neno lililokufa na mvuvi wa mwisho aliyelijua haliwezi kufufuliwa na kamati yoyote.

MWENYE MALI NA LUGHA YA DAFTARI

Sasa tufike penye kiini cha jambo. Mambo mengi yaliyochunguzwa juu ya Tanga na pwani ya kaskazini yamechapwa kwa Kiingereza, na mengine kwa Kijerumani. Aghalabu majarida hayo huhaririwa ng'ambo. Jarida la historia ya Afrika linalotolewa Cambridge tangu 1960, kwa mfano, lilichapa mwaka 1991 makala ya Glassman juu ya watumwa wa Pangani na jinsi walivyodai nafasi yao katika jamii. Ni makala ambayo kila mtu wa Pangani angefaidika kuyasoma, kwa kuwa yanazungumza juu ya majeraha ambayo hata leo hutajwa kwa kunong'ona. Lakini majarida kama hayo kwa kawaida hupatikana kwa malipo ya fedha za kigeni, na hata mtu akiyapata bure, lugha yake ni kikwazo kingine.

Wapo wasemao kuwa hapana budi iwe hivyo. Husema kuwa mtaalamu akiandika kwa Kiswahili, wenzake wa Paris na Chicago hawatamsoma, na kazi yake itakuwa kama taa iliyowekwa chini ya kapu. Hoja hii ina uzito, kwa sababu taaluma ni mazungumzo ya dunia nzima. Lakini utenzi wa Hemedi ulikwisha kuijibu mwaka 1955. Ulichapwa kwa Kiswahili chake, na tafsiri ya Kiingereza ikawekwa pamoja nao. Mgeni alisoma na mwenyeji alisoma, na hapana aliyepungukiwa. Ikiwa iliwezekana zama za ukoloni, kwa fedha kidogo na mitambo ya risasi, haikosi kuwezekana leo.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe kimekwisha kuonyesha kuwa kinaweza kubeba mzigo wa taaluma. Jarida la Kiswahili limeendelea kupokea makala kwa lugha hiyo. TUKI ilianzisha pia Mulika, linaloandikwa kwa Kiswahili ili mwalimu na mwanafunzi wapate kunufaika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kioo cha Lugha, ambalo linachapa makala ya isimu na fasihi. Huko Ujerumani jarida la Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994, hupokea makala ya Kiswahili pamoja na ya lugha za Ulaya na husomwa bila malipo kwa njia ya intaneti. Maneno kama ikisiri, tanbihi, marejeo na uhakiki, ambayo zamani yangeonekana mageni, sasa mwanafunzi wa Kiswahili huyatumia bila kusita.

Linalobaki ni desturi. Mchunguzi anayekuja Tanga akakaa barazani kwa wazee miezi sita, akala wali wao na kunywa kahawa yao, ana deni. Deni hilo halilipwi kwa kuwashukuru katika tanbihi iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Hulipwa kwa kuwarudishia, kwa Kiswahili, muhtasari wa yale aliyoyapata, na kwa kuacha nakala ya makala yake katika maktaba ya Mkoa, jengo ambalo lilijengwa enzi za ukoloni kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita na leo ni la wananchi wote.

SANDUKU LA NYUMBANI

Huenda baba au mama anayesoma ukurasa huu anajiuliza: Mimi nifanye nini? Jibu ni kwamba kazi kubwa huanzia nyumbani. Katika nyumba nyingi za Tanga, Pangani, Moa na Mkwaja yamo masanduku na makabati yenye karatasi za marehemu: tenzi, kasida, mashairi ya kujibizana, barua za biashara, hesabu za jahazi, dawa za miti, shajara za makarani. Watoto hawasomi hati za Kiarabu alizosoma babu, basi karatasi huonekana takataka. Siku ya kuhama nyumba au ya kupaka chokaa, huchomwa moto pamoja na magodoro mabovu.

Adui wa karatasi hizo ni wengi. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi. Mchwa, mende na nondo hawana likizo. Kwa hiyo kila jamaa na ifanye mambo machache yasiyo na gharama.

Karatasi ziwekwe mahali pakavu penye hewa, juu ya rafu, mbali na ukuta unaovuja na mbali na sakafu. Zisipakwe gundi, zisibandikwe kwa utepe wa plastiki, wala zisipuliziwe dawa ya wadudu, maana dawa huweza kufuta wino. Zisianikwe juani. Zikunjuliwe taratibu kwa mikono mikavu, zifungwe katika bahasha au kitambaa safi cha pamba.

Pili, kila fungu liandikiwe karatasi nyingine pembeni: nani aliyeandika, alikuwa nani, aliishi mtaa gani au kijiji gani, na nani aliyerithi. Habari hizi zikikosekana, hata mtaalamu hodari hushindwa kusema jambo la hakika. Wazee wangali hai, na waulizwe sasa. Msiba ukishatokea, watu huja na majibu kumi yanayopingana.

Tatu, zipigwe picha. Leo kijana mwenye simu ya mkononi anaweza kuupiga picha mswada mzima alasiri moja, ukurasa baada ya ukurasa, mbele ya dirisha lenye mwanga. Picha hizo zihifadhiwe na zaidi ya mtu mmoja katika ukoo.

Nne, lisitolewe karatasi la asili kwa mtu yeyote bila maandishi. Wako wazee wanaokataa kabisa kuonyesha miswada yao, na hawakosi sababu: waliwahi kuazima kitabu hakikurudi. Hofu hiyo isiwafanye wafunge kila kitu; iwafundishe kuweka masharti. Nakala itolewe, asili ibaki. Jina la mtunzi na la ukoo litajwe. Makala yakichapwa, nakala irudi nyumbani. Mchunguzi mwaminifu hatachukizwa na masharti hayo. Atayaheshimu, kwa sababu yanafanana na yale ya jarida lenyewe.

Wenye karatasi wasiyojiweza kuyatunza wanaweza kuomba ushauri TATAKI, au katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako imehifadhiwa miswada mingi iliyokusanywa pwani katika miaka ya 1960. J.W.T. Allen alitengeneza orodha ya miswada hiyo, ikachapwa mwaka 1970. Ipo pia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

KALAMU NAYO NI YAKO

Mwisho, tusijifikirie kuwa sisi ni watoaji wa habari tu na wengine ndio waandishi. Hemedi bin Abdallah alikuwa mtunzi wa Mrima. Abdallah bin Hemedi alikuwa karani wa mtawala. Shaaban Robert alikuwa mfanyakazi wa ofisi. Watatu hao hawakungoja mgeni aje awaulize. Waliandika wenyewe, na majarida yakaja baadaye kuyapokea yale waliyoyaandika.

Walimu wa sekondari za Tanga wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kukusanya majina ya mitaa na asili yake, nyimbo za unyago na za kuvuta nyavu, au maneno ya Kimtang'ata, Kibondei, Kidigo na Kisegeju wanayoyasikia kwa bibi zao. Kazi iliyofanywa kwa uangalifu, yenye tarehe na majina ya waliosema kwa idhini yao, inafaa kupelekwa kwa mhariri wa jarida. Akiikataa, ataeleza kasoro, na kasoro zikijulikana zaweza kusahihishwa. Vyama vya wafanyakazi na vikundi vya akina mama vyenye vyumba vya kusomea vinaweza kuomba matoleo ya majarida ya Kiswahili yakae mezani pamoja na magazeti, na mtu mmoja akapewa zamu ya kuwasomea wenzake yale yanayohusu Mkoa wao.

Daftari la Tanga limekwisha kufunguliwa, na kurasa zake za mwanzo ziliandikwa na wazee wetu kwa Kiswahili. Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, mwulize mzee aliye nyumbani kwako kama kuna karatasi za babu zilizobaki, na ziko wapi.